Kuku Hana Shavu

Mzee Kalama wa Mtongwe alikuwa akisema kwamba hajapata kuuona mfupa wa mguu uliomshinda. Alilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyopendeza, lakini kila aliposema palikuwa na mtu karibu aliyewahi kubebwa hadi uani kwake na akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, basi nani angembishia? Askari wa kambini walioteguka wakicheza mpira walimjia kwa siri, wamevaa kiraia. Mafundi wa ujenzi walioanguka kutoka jukwaani waliletwa kwa mkokoteni. Hakuwa na bango. Ukishuka pale zinapoegeshwa bodaboda ukauliza mkandaji wa mifupa, ulielekezwa nyumba ya mabati mekundu yenye kuku wengi kupita kiasi.

Kuku hao walikuwa na sababu yao. Kazi hii Kalama aliipata kwa mama yake huko Kaloleni, bibi mmoja mfupi aliyeitwa Sidi, ambaye wajukuu wote walimwita Hawe, maana yake nyanya. Hawe Sidi hakumkanda mgonjwa peke yake. Jamaa za mgonjwa walileta kuku, na kuku huyo akavunjwa mfupa ule ule aliovunjika mgonjwa: mguu kwa mguu, bawa kwa mkono. Kisha wote wawili, mtu na kuku, walipakwa mafuta ya chupa moja na kufungwa vijiti vya mwanzi vilivyochongwa kwa kisu kimoja. Kuku akianza kukanyaga, mgonjwa naye hufunguliwa. Kuku akifa, kazi inaanza upya na kuku mwingine. Ukiona ni ukatili, haya, ni ukatili. Lakini ule mguu wa kuku ndio uliokuwa eksirei yao, na kwa miaka mingi haukuwadanganya.

Binti yake wa kwanza Kalama alimwita Sidi, kama desturi ya Wagiriama inavyotaka, mtoto wa kike wa kwanza achukue jina la mama wa baba. Hakumwita mwanangu hata siku moja. Alimwita Mama. Wazee waliomjua Hawe walipokuja kutembea walimtazama msichana wakacheka kwa mshangao, kwa sababu hakuchukua jina tu, alichukua na uso: mashavu mapana, macho yaliyoachana kidogo, na kinywa kikubwa kinachocheka mpaka magego yanaonekana. Kalama alijifanya hasikii maneno hayo, lakini siku hiyo wageni walichinjiwa.

Sidi alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka moja karibu na soko, naye alishona sare za shule na majoho ya wanakwaya, na ulimi wake ulikuwa na kazi kama sindano. Mteja akilalamika nguo imembana, Sidi alimwambia apunguze mahamri. Watu walimpenda hivyo hivyo.

Alianguka mwezi wa tano, msimu wa mvua, bodaboda aliyopanda ilipoteleza kwenye mchanga ulioletwa na maji juu ya lami. Dereva alichubuka magoti tu. Sidi alirushwa, na shavu lake la kushoto likapiga ukingo wa saruji wa mtaro. Dereva alimnyanyua, akauliza hospitali iliyo karibu ni ipi, na watu waliokusanyika wakamcheka waziwazi. Hospitali ya nini? Hajui huyu ni mtoto wa nani? Basi akapelekwa nyumbani, na umati nyuma yake, kama watu wanaosindikiza mzigo kwa mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa la kwanza na halikuwa la Kalama, ingawa baadaye alilichukua nalo akalirundika juu ya yake.

Uso ulikuwa umefura, jicho limezibwa. Kalama alinawa mikono, akapaka mafuta, akaanza kupapasa taratibu kama alivyozoea. Taya lilikuwa zima. Pua nzima. Alipofika chini ya jicho la kushoto, kidole chake kiliteremka. Pale ambapo mfupa ulipaswa kuzunguka kama ukingo wa bakuli, palikuwa na kidato. Alirudia upande wa pili, akarudi tena. Aliyekuwa akimtazama wakati huo angeona amesita, na aliyekuwa akimtazama alikuwa mkewe, Josephine.

"Baba Sidi," alisema Josephine, "huu ni uso. Mpeleke hospitali."

"Watamfanya nini huko? Watampiga picha, wampe vidonge, wamwambie arudi Jumatatu."

"Na arudi. Huu si mguu."

Sidi alisogeza midomo iliyovimba. "Baba atanikanda," alisema. Kisha akamshika baba yake kiganja, akafumba na lile jicho zima, tayari.

Nani angeweza kukataa hapo? Mwanamume mwenye busara angekataa, ndiyo. Kalama alikuwa na mikono mizuri na sifa za miaka mingi, na sifa zikimkaa mtu sana huanza kumwamulia mambo. Akaagiza kuku. Akaletewa tetea mmoja mweupe, akamlaza mapajani, na hapo mkono ukamsimama hewani.

"Haya, utamvunja wapi?" aliuliza Josephine kutoka mlangoni. "Kuku hana shavu."

Uani kulikuwa na majirani, na wote walisikia. Mmoja alicheka kisha akajuta. Kalama aligeuza kichwa cha kuku huku na huku, ule uso mdogo ambao wote ni mdomo na macho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakujua la kufanya. Angeweza kusema: kweli, hana, basi hapa mimi sina njia. Yalikuwa maneno mepesi, na hayakumtoka.

"Mfupa ni mfupa," alisema, akauvunja mguu.

Basi wakaugua pamoja, msichana na kuku. Kalama alimkanda bintiye asubuhi na jioni kwa kitambaa cha moto na mafuta, kwa mkono mwepesi kuliko aliowahi kuutumia kwa mtu, akamfunga leso kuzunguka kichwa. Uvimbe ukapungua. Maumivu yakapungua. Kuku akawa anachechemea, kisha anagusa chini, mwisho akakanyaga sawasawa na kukimbilia punje za mahindi. Majirani walishangilia. Leso ikafunguliwa mbele ya watu, kama ilivyokuwa kawaida, kwa sababu kufungua ni nusu ya sifa.

Shangwe haikutoka. Shavu la kushoto halikuwapo. Lilikuwa limebonyea, kama chungu kilichogongwa kabla hakijachomwa, na jicho limezama ndani na kushuka chini ya mwenzake, hivyo kwamba Sidi alionekana anatazama watu wawili kwa wakati mmoja. Alijaribu kutabasamu, na mdomo ukafunguka kiasi cha kupitisha kijiko, ukagoma. Mama mmoja alisema Mungu mkubwa, akaaga haraka. Wengine nao wakakumbuka kazi zao.

"Patajaa," alisema Kalama. "Nyama itarudi."

Josephine alikuwa ameficha kioo, lakini nani siku hizi anayehitaji kioo? Sidi alijitazama kwenye simu. Alijitazama muda mrefu, akageuza upande mmoja, akageuza wa pili, kisha akaifunga simu akaiweka mezani uso chini. Hakulia mbele yao. Alisema tu, "Baba, mbona naona milango miwili?"

Hapakujaa. Miezi ilipita na pale palibaki palivyo, na Sidi, ambaye hakuwa mtu wa kukaa kitako, alijitafutia njia yake. Aligundua kwamba akiinamisha kichwa upande wa kulia na kuinua kidevu kidogo, ile milango miwili inakuwa mmoja. Akajifunza kushona hivyo, shingo upande. Alirudi barazani kwake. Wateja wengine hawakurudi, na watoto wa shule walimkodolea macho mpaka akawauliza kama wanamdai. Ulimi ulikuwa bado upo, ila kicheko kile kikubwa hakikuwa na mlango wa kutokea.

Aliyeteseka kwa sauti alikuwa Kalama. Uani kwake palianza kuota nyasi. Waliovunjika walipelekwa kwingine, na waliompita njiani walimwamkia kwa heshima ile ile, shikamoo mzee, marahaba, hali yako, njema, kisha macho yao yakateleza kumtafuta Sidi nyuma yake. Kila asubuhi alipoletewa chai na bintiye aliuona ule uso, na haukuwa uso wa bintiye tu. Aliona mama yake amebonyezwa shavu, na aliyembonyeza ni yeye.

Mwishowe Josephine hakungoja ruhusa. Alimchukua Sidi wakavuka feri kwenda hospitali moja kubwa kisiwani, na Kalama akawafuata nyuma kama aliyetumwa. Walimkuta daktari wa upasuaji wa uso na taya, mwanamke wa Kimvita wa umri wa kati aliyeitwa Jalila, ambaye aliinuka kitini kumwamkia mzee kabla ya kumtazama mgonjwa.

"Shikamoo mzee wangu. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpapasa Sidi usoni, na Kalama aliona vidole vyake vinapita njia ile ile aliyopita yeye, taya, pua, ukingo wa jicho, na vinasimama pale pale. Picha zilipokuja, daktari aliziinua kwenye mwanga akawaonyesha. Mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika sehemu tatu, ukasukumwa ndani. Sakafu ya tundu la jicho ilikuwa imepasuka, na jicho likashuka kama mtu aliyeketi kwenye kitanda kilichokatika kamba. Kisha vyote vikaungana hivyo hivyo, vibaya, vikashikana vikawa vigumu.

"Uvimbe huficha," alisema Daktari Jalila. "Mtu akitazama huona shavu limejaa, kumbe ndani hamna kitu. Mngaliniletea wiki ile ile, ilikuwa kazi ndogo, wallahi. Nani alimkanda?"

Kalama alifungua kinywa. Alikuwa anakwenda kusema, hilo tumsadiki, maneno yalikuwa yamefika kwenye meno.

"Sijakandwa na mtu, daktari," alisema Sidi. "Nilikaa tu nyumbani."

Daktari alimtazama msichana, akamtazama mzee na mikono yake iliyong'aa kwa mafuta ya miaka, na hakuuliza tena. Alieleza kilichobaki. Wangeweza kuuvunja mfupa upya mahali pale pale, wauinue, waushikize kwa vibati vidogo vya chuma kisichoshika kutu, na sakafu ya jicho waijenge kwa kipande cha mfupa kitakachotolewa kwenye fuvu lake mwenyewe. Kulikuwa na timu ya mabingwa waliokuwa wakija hospitalini hapo kwa kambi ya matibabu, na wangeifanya kazi hiyo pamoja naye. Uso ungerudi karibu na ulivyokuwa. Mdomo ungefunguka.

"Na jicho?" aliuliza Josephine.

"Jicho ndilo ninalotaka mlifikirie. Tutafanya kazi nyuma yake, karibu na mshipa wa kuonea. Ni nadra kuharibika, lakini imewahi kutokea. Likipotea, halirudi. Na sasa hivi, hata kama limezama, linaona."

Kwenye korido, wakingoja kuandikiwa tarehe, Kalama alikumbuka kitu ambacho hakukiwaza kwa miaka mingi. Alikuwa bado kijana pale Kaloleni, akaletwa mtu aliyepigwa teke la uso na ng'ombe. Hawe Sidi alimpapasa, akanawa mikono, akawaambia jamaa zake wampeleke hospitali ya misheni. Walimbembeleza, akakataa, akaingia jikoni. Kalama aliona haya siku ile. Alidhani mama yake amechoka tu, au anazeeka. Hakumwuliza sababu, na sasa angemwuliza nani?

Nyumbani, Sidi alisema hataki.

Alilisema bila ukali, akikunja kitambaa. "Naona. Nikiinamisha kichwa naona vizuri. Nashona. Uji unapita, wali unapita. Watu watazoea, na wasiozoea shauri yao. Kwa nini nikacheze kamari na jicho langu?"

"Mama," alisema Kalama, "daktari amesema ni nadra."

"Na yale ya kwanza nani alisema yatakuwa hivi?"

Hakukusudia kumchoma, lakini lilichoma. Kalama alianza kumbembeleza. Alimwambia habari ya mume atakayempata, Sidi akasema hajamtafuta. Alimwambia habari ya kicheko chake, Sidi akaendelea kukunja. Mwisho alisema ukweli wake, na ni ajabu jinsi ukweli unavyoweza kuwa na ubinafsi: "Siwezi kukaa nikiutazama uso huu, Mama. Siwezi."

"Uso huu ni wangu, baba."

Basi akasusa. Mzee mzima, mwenye mvi, alisusa chakula kama mtoto aliyenyimwa nguo ya sikukuu. Ugali ulipakuliwa na kurudishwa. Chai ilipoa. Josephine alimfokea kwamba hajaona baba anayemsusia mtoto uso wake, kwamba anachotaka si kumponya Sidi bali kujifutia aibu yake, na Kalama aligeukia ukutani kwa sababu alijua ni kweli na hakuwa na nguvu ya kuacha. Akawa hainuki mkekani. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea wakidhani ni malaria.

Sidi alivumilia alivyoweza. Kisha jioni moja alileta sahani ya wali na mchuzi wa samaki, akaiweka kwenye mkeka karibu na kichwa cha baba yake, akaketi.

"Haya, baba," alisema. "Nitakwenda. Kula."

Akala. Na mimi ninayesimulia haya sijui nimlaani vipi kwa kula kule, maana alikula akilia, na alimaliza.

Upasuaji ulichukua sehemu kubwa ya siku. Kalama aliketi benchini na mikono yake mapajani, mikono ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa haina kazi mtu wa kwake akiwa amevunjika. Daktari Jalila alipotoka alikuwa amechoka na anatabasamu. Mfupa ulikuwa umeinuka vizuri, alisema, umekaa mahali pake, na kile kipande cha fuvu kimelala chini ya jicho kama kimezaliwa hapo. Josephine alimkumbatia mwanamke ambaye hakumjua. Kalama alitoka nje, akasimama juani, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Walikuwa na furaha kwa muda wa kunywa chai. Damu ilikuwa imejikusanya nyuma ya jicho, pole pole, mahali ambapo hakuna anayeona, ikiubana ule mshipa. Muuguzi aliyekuja kummulika Sidi aliona mboni haijibu, akaita, na wakamrudisha chumba cha upasuaji mbio, wakaifungua njia damu itoke. Walifanya upesi walivyoweza. Haikutosha.

Daktari Jalila aliwaambia mwenyewe, hakumtuma mtu. "Ni nadra, mzee wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Niliwaambia ni nadra." Kisha akakaa nao benchini hapo, na Kalama, ambaye kwa miaka yake yote hakuwahi kumwonea huruma mtu wa hospitali, alimwonea.

Uso ulirudi. Hilo lazima lisemwe kwa haki. Uvimbe ulipokwisha, shavu la kushoto lilikuwa limejaa sawa na la kulia, jicho limekaa kwenye mstari na mwenzake, jeusi, jangavu, zuri. Kinywa kilifunguka. Hawe Sidi alikuwa amerudi Mtongwe, mzima mzima. Na upande wote wa kushoto wa dunia ulikuwa umezimwa.

Sidi alijigonga kwenye miimo ya milango. Alimimina chai nje ya kikombe. Barazani alipitisha uzi mbele ya tundu la sindano, akapitisha nyuma yake, akajichoma kidole, akajaribu tena. Alishona kwa shida majoho yaliyokuwa yamebaki, kisha akaifunika cherehani kwa leso na kuketi kando yake. Kinywa kilikuwa na nafasi ya kucheka sasa, na hakikucheka. Kalama alimwomba msamaha, akapiga na magoti.

"Nilishakusamehe, baba," alisema Sidi. "Usiniombe tena." Na hiyo ilikuwa adhabu kuliko tusi.

Lakini tazama watu walivyo. Waliiona leso ikifunguliwa, wakaona uso umebonyea. Sasa waliuona uso umejaa. Katikati yake walisikia habari za hospitali, lakini nusu nusu, na nusu waliyoipenda zaidi ni kwamba Kalama aligoma kula mpaka mfupa ukarudi. Alifunga, walisema. Alifunga na kuomba, na mkono wake ukapata nguvu mpya. Kalama alipokana, walimsifu kwa unyenyekevu. Nyasi za uani zikaanza kukanyagwa tena.

Wageni wawili walikuja asubuhi moja ya Jumamosi, kutoka Mikindani. Mwanamke alijitambulisha kuwa Emmaculate. Mume wake, Jacktone, alikuwa kibarua bandarini, na fimbo ya chuma ya kufungia makontena ilimfyatukia usoni. Alikuwa amefungwa taulo kuanzia kidevuni hadi utosini, na upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umevimba na kung'aa.

"Mzee, tumetoka mbali," alisema Emmaculate. "Tumeambiwa wewe ndio fundi wa uso."

"Mumeo amefika hospitali?"

"Tulienda. Wamesema kesho kutwa, tupange laini tena. Huyu ataumia mpaka lini?"

"Rudini," alisema Kalama. "Rudini leo hii, mlale hapo hapo mlangoni, msiondoke mpaka daktari amwone. Mimi sikandi uso."

Emmaculate alitabasamu kama mtu anayejua bei itashuka. "Mzee, usitucheze. Msichana wako tumempita hapo nje. Uso safi kabisa. Na picha yake ya kwanza watu wanayo kwa simu, tumeiona."

"Uso ule ulirudishwa na hospitali. Mkono wangu ndio uliouharibu. Nimekuambia mbele ya Mungu." Sauti ilimpanda. Alimwita Sidi, na Sidi akaja, mkono mmoja ukipapasa ukuta. "Waambie, Mama."

"Ni kweli," alisema Sidi. "Baba alinikanda, nikaharibika. Hospitali wakautengeneza uso, nikapoteza jicho. Hili la kushoto halioni. Mkiwahi mapema, mumeo hatafika nilipofika mimi. Mpeleke, dada yangu."

Emmaculate alimsogelea. Alitazama jicho la kushoto, akatazama la kulia, akarudi la kushoto. Alitafuta kovu, ukungu, chochote. "Lakini ni zima," alisema. "Liko sawa kabisa." Kisha akamgeukia mzee, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Kama hututaki kwa sababu sisi ni watu wa bara, si useme tu."

Jacktone hakuwa amesema neno, kwa kuwa kusema kulimuuma. Aliinuka kwenye benchi, akaushika mkono wa Kalama kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya shavu lake, akafumba macho. Palikuwa pa moto pale. Na kabla mzee hajajua anafanya nini, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza vyenyewe kutafuta mfupa.

Aliuvuta mkono kama aliyeungua, akauficha kwapani. "Nendeni!" alipiga kelele. "Nendeni hospitali! Nendeni!"

Waliondoka. Emmaculate alimshika mumewe kiuno, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba roho mbaya haina dini, na kwamba hata hivyo kuna mwingine Mishomoroni, huyo hana maringo, watafika kabla ya saa sita. Bodaboda ikawachukua wote wawili, ikapinda kona kuelekea feri.

Kalama alikuwa bado amesimama pale pale, mkono kwapani. Sidi aligeuza kichwa chote kumtafuta, akampata, akaja akamshika begani.

"Baba," alisema, "hata mimi siku ile ungeniambia huwezi, nisingekuamini."

Alisema kumfariji, na yumkini ilikuwa kweli. Kalama hakufarijika. Aliingia ndani, akaketi kitandani, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na Josephine akafunga mlango ili wagonjwa waliokuwa wanakuja wasisikie.